Mama Nabintu Hakulagi Usiku

Bukavu, siku ya Yenga, baada ya misa

Kwako Mama yangu mupenzi,

Nakuamkia kwa mikono miwili na goti chini, ingawa milima na pori lote hili liko katikati yetu. Umeamkaje huko Kindu? Mguu umeacha kukuchoma? Papa bado anakohoa asubuhi, au ile dawa niliyomtumia imemsaidia? Na mchele mwaka huu ulikubali, au ndege waliumaliza tena? Nijibu yote. Usiniandikie tu "tuko wazima" kama watu wanaoficha ugonjwa.

Mimi niko mzima. Mvua ya Bukavu haijui kupumzika. Nguo nazianika asubuhi, jioni nazianua na maji yake yaleyale. Lakini nimezoea. Hata baridi nimeizoea, siku hizi nikiona ukungu umefunika ziwa nasema kumekucha vizuri. Kazi ya unesi inaendelea, na wenzangu wa lopitali wananiita Feza wa Kindu, juu wanasema Kiswahili changu kinavuta.

Barua yako nilipewa na yule mama muuza mchele aliyekuja na ndege toka Kindu. Umekasirika kwa sababu sikuja likizo, na umeuliza ni nani aliyenishika huku. Ni kweli nilishikwa, Mama, lakini si na mwanaume. Nilishikwa na mama mmoja mnene wa mtaa wa Cimpunda anayeitwa Nabintu. Kaa kitako nikueleze, maana tangu nitoke nyumbani sijaona habari kubwa kuliko hii.

Mama Nabintu ni Mushi, mtu wa kabila la Bashi, mzaliwa wa Nyantende, akaolewa hapa mjini na seremala mmoja mpole, papa Birindwa. Anauza makala ya kupikia katika soko la Kadutu. Ni mtu wa mwili, Mama, mwili wa kweli. Akipita katikati ya wachuuzi watu wanasogeza vikapu vyao bila kuambiwa. Ana sauti ya kuita mtu toka mlima hadi mlima, na akicheka mikono yake inacheka pia. Mimi kwanza nilimpenda kwa kicheko hicho, siku alipoingia lopitali kwetu akishika tumbo.

Alikuwa na ngiri ya kitovu. Tangu uzazi wake wa mwisho kitovu kilitoka nje, kikawa kinakua, na akiinua gunia la makala kinamkaba hadi anakaa chini barabarani. Dokta wetu, mzungu mmoja kijana anayeitwa Lukas, alimpima akaona inafaa kukatwa. Lakini alisema mafuta ni mengi mno. Dawa ya usingizi ni hatari kwa mtu wa mwili huo, na nyuzi zikishonwa juu ya mafuta zinaweza kuachia. Akamwambia apunguze kilo kwanza, ndipo amkate.

Kazi hiyo ya kupunguza watu ilikuwa ya Masere Hilda. Yeye ni mtawa, mzee kidogo, anayesimamia jiko la wagonjwa, na yeye mwenyewe ni mnene kama ngoma ya kanisa. Alimfundisha Mama Nabintu rejime: bugali kiasi cha ngumi, mboga ya lenga-lenga bila mawese, maharagi kidogo, kasiksi, ile pombe ya ndizi, hata kuinusa hapana. Mama Nabintu akasikiliza, akaenda. Aliporudi mizani ilisimama palepale. Wakapunguza tena chakula. Akarudi, na mizani haikusogea kitu, labda uzito wa kitambaa cha kichwa. Na wakati uleule kulikuwa na mke wa mwalimu mmoja mzungu wa Ibanda, mnene vilevile, aliyepewa rejime ileile. Huyo alikuwa anayeyuka kama sabuni katika maji, kila akija nguo zinamwanguka.

Basi siku moja Dokta alichoka. Kibarazani watu walijaa kwenye mabenchi, wamama na watoto wao mgongoni, wanangoja sindano. Dokta akatazama mizani, akamtazama Mama Nabintu, akamwambia nesi mwanaume aliyekuwa anatafsiri:

"Mwambie huyu mama mizani haidanganyi. Kama hali mchana, basi anakula usiku."

Na nesi akatafsiri kwa sauti kubwa, kama anavyofanya siku zote: "Dokta anasema, wewe unakulaga usiku."

Mama, wewe unajua neno hilo. Hata kwetu Kindu linajulikana. Yule mzungu alikuwa anafikiria sufuria na kijiko. Lakini watu wa mabenchi walisikia kitu kingine. Huku, mtu wa kula usiku ni mulozi, anayekula nyama ya wenzake wakilala. Mama mmoja aliyekuwa karibu alivuta mtoto wake akamfunika kichwa. Mama Nabintu alishuka kwenye mizani. Alifunga kikwembe chake, akatoka.

Neno lilifika Cimpunda kabla yake. Nyumba za kule zimebanana hivi kwamba mtu akipiga chafya jirani anamjibu. Na bahati mbaya haiendi peke yake. Juma lilelile mtoto wa jirani yake, msichana mdogo aliyeitwa Sifa, alikufa. Surua ilimwua, mimi niliona mwenyewe macho yake alipoletwa, tulikuwa tumeshachelewa. Lakini mtaani hawakusema surua. Walisema: tazama, mama huyu hali na ananenepa, ananenepa na nini? Dokta mwenyewe, mzungu, mtu wa mashini, ameshaona.

Makala yake yakakosa mnunuzi. Watoto waliokuwa wanamkimbilia wakawa wanamkimbia. Na kilichomwumiza kuliko yote, papa Birindwa, mume wake, hakumfukuza, hakumpiga, hakumtukana. Aliacha tu kula nyumbani. Akitoka karakana anapitia kwa ndugu yake, anakula kule, anakuja kulala ameshiba. Chungu cha Mama Nabintu kikawa cha yeye peke yake.

Mtu mwingine angehama, au angekunywa kitu. Mama Nabintu alioga, akavaa kikwembe chake cha sikukuu, akapanda mpaka lopitali, akapiga mlango wa Masere Hilda. Mimi nilikuwa ndani nikihesabu shuka.

"Masere," alisema akiwa bado amesimama, "sikukuja juu ya tumbo. Tumbo naweza kufa nayo. Nilikuja juu ya jina. Kwetu banasema miye ni mulozi. Bwana yangu hakulagi tena kwangu. Batoto ya majirani banakimbia hata kivuli yangu. Ile neno ilitokea hapa kwenu. Njo hapa itaishia."

Masere Hilda alikuwa hajui lolote. Ameishi Kivu miaka mingi, Kiswahili anakisema vizuri, na maana ya neno lile anaijua kuliko Dokta. Nikaona uso wake unakuwa mwekundu, halafu mweupe. Akauliza polepole:

"Mama Nabintu, mbele ya Mungu, unakula kitu kingine tusichokupa?"

"Sikulagi usiku, sikulagi na siri. Ile munanipatia, njo ile minakula. Kama hamuamini, munifunge. Mufunge mulango, mukae na funguo, munipime sawa vile munapima dawa."

Masere alimshika mikono yote miwili. Kisha akasema kitu ambacho nitakikumbuka mpaka kufa kwangu.

"Sitakufunga kama mwizi. Tutakaa pamoja mimi na wewe. Tutakula sahani moja, tutatembea njia moja, tutalala chumba kimoja. Mimi ni mnene kama wewe. Tutaona Mungu ametuumba namna gani."

Dokta Lukas aliposikia alikataa. Alisema masere si mgonjwa, ana kazi, na umri wake si wa kukaa na njaa. Masere akamwambia, kwa Kifaransa, lakini sisi wote tulisikia: "Dokta, ulisema neno. Wewe hukujua uzito wake. Sasa neno hilo linakula mtu." Akamweleza maana. Dokta alikaa kwenye kiti. Hakujitetea, Mama. Alisema tu, "Fanyeni. Na kila kitu mtakachohitaji mje kwangu."

Ndiyo sababu sikuja Kindu. Masere alihitaji mtu wa kupika na kukaa nao katika nyumba ndogo ya wageni iliyo chini ya bustani, upande wa ziwa. Aliniomba mimi. Ningewezaje kukataa?

Maisha yetu yalikuwa hivi. Asubuhi tunashuka wote watatu hadi ukingo wa ziwa, halafu tunapanda tena, na wewe hujui mlima wa Bukavu, Mama. Kushuka ni bure, kupanda ndiko kunakodai. Masere na Mama Nabintu walikuwa wanapanda wakivutana mikono, wanasimama, wanapumua, wanacheka. Wavuvi waliokuwa wanarudi na sambaza, dagaa wa huku, wakawa wanawaita "mapacha." Nikifika napika katika chungu kimoja, nagawa katikati, wanakula wakitazamana. Mama Nabintu alikuwa anamaliza chake upesi, halafu anakaa anamtazama Masere akitafuna polepole, anamwambia, "Masere, ongeza mwendo, nisije nikakusaidia." Tulicheka sana katika nyumba ile ya njaa.

Njaa ilikuwepo kweli. Masere alikuwa anaota mkate na jibini, asubuhi anatusimulia. Mama Nabintu hakuota chakula. Alikuwa anaamka na machozi, nikimwuliza anasema amemwota Sifa, mtoto wa jirani, akija kama zamani kumwomba kipande cha muhogo. "Nilikuwa namupenda yule mutoto," aliniambia. "Na mama yake anafikiri nilimukula."

Mama, Masere alikonda. Si kidogo. Nguo yake ya kitawa ikamwachia mabegani, akaifunga pini kiunoni, halafu pini ya pili. Mashavu yakaingia. Na Mama Nabintu? Kikwembe chake alikuwa anakifunga kwa fundo lilelile. Mizani ilishuka kwake kiasi cha kumhurumia mtu. Chungu kimoja, mlima mmoja, chumba kimoja, na mimi katikati yao sikuona mkono wake ukienda popote.

Mara moja nilimkuta Masere amekaa peke yake kwenye mawe ya bustani, amejishika kichwa. Nikafikiri ni njaa. Akasema, "Feza, kila kilo inayonitoka ninaona aibu. Nahisi kama namwibia. Miaka yote hii nimewaambia wamama hapa kwamba hawana nidhamu."

Siku ile alimpeleka Dokta mbele ya mizani, akapanda yeye, akapanda Mama Nabintu. Dokta alitazama muda mrefu. Mtu mwingine mwenye cheo chake angetafuta njia ya kutoka. Yeye alisema, "Nataka kuelewa." Alikuwa na rafiki katika nyumba ya utafiti iliyo nje ya mji, watu wanaosoma miti na wadudu na miili. Akaenda na gari yake, akarudi na mfuko mkubwa wa mpira, mpana kama tumbo la ng'ombe, wenye bomba la kuweka mdomoni na kibanio cha kufunga pua. Alitueleza kwamba mwili hata ukilala kimya unachoma chakula kama taa inavyochoma mafuta, na moshi wake unatoka katika pumzi. Ukikusanya pumzi ya mtu ambaye hajala kitu toka jana, aliyelala bila kusogea, unaweza kujua taa yake inawaka kiasi gani, na inachoma nini.

Masere alilala wa kwanza. Kisha Mama Nabintu. Alipowekewa kibanio puani alianza kucheka, mfuko ukatetemeka wote, Dokta akaomba radhi, tukaanza upya. "Hata pumzi yangu munapima!" alisema. "Mutakuta ndani yake harufu ya lenga-lenga tu." Mara ya pili alitulia. Alilala pale mikono kifuani, macho yamefungwa, na machozi yakitiririka kuelekea masikioni. Nilijua anachoomba. Alikuwa anaiomba pumzi yake mwenyewe imtolee ushahidi.

Rafiki wa Dokta alipomaliza hesabu zake alikuja mwenyewe. Dokta alituita, akachukua taa mbili za mafuta, akaziweka mezani. Moja akapandisha utambi, nyingine akashusha.

"Hii ni Masere," alisema. "Akilala tu, anachoma mengi, na katika hayo mafuta ya mwili ni mengi. Hii ni Mama Nabintu. Taa yake iko chini. Inachoma kidogo, na mafuta inayaacha. Chakula kimoja, lakini taa si moja."

Mama Nabintu aliitazama ile taa ndogo. "Basi ni juu miye ni mweusi?"

"Sijui," Dokta alisema. "Vitabu nilivyosomea viliandikwa juu ya wanawake wa kwetu. Juu yenu hakuna aliyeuliza."

Basi akauliza. Manesi wote tuliokubali tulilala na mfuko ule, na watawa wazungu, na wake wa walimu waliokuja kwa udadisi. Mimi pia nililala, Mama, na usiniulize taa yangu ikoje, we tazama mapaja ya shangazi utajua. Wengi wetu weusi tuliwaka chini kuliko wengi wao. Lakini si wote. Binti mmoja wa Kabare, mwembamba kama ufito, aliwaka kuliko masere yeyote, na masere mmoja mzungu alikuwa na taa ndogo kuliko ya Mama Nabintu. Dokta alituonya tusikimbie na habari. Alisema watu wa lopitali moja hawatoshi kusema neno juu ya taifa zima. Alisema ngozi haipiki chakula. Labda ni vitu tulivyorithi, labda ni vyakula vya utoto, labda vyote pamoja. Lakini jambo moja alilijua: mtu anaweza kula kidogo, kwa haki, na asikonde, na anayemwita mwongo ndiye mwongo.

Mama Nabintu alikuwa na jibu lake. "Bibi zetu balipita njaa nyingi," alisema. "Wale ambao mwili yabo ilikuwa inatupa mafuta hobyo, balikufa. Miye natoka kwa wale balibaki. Mwili yangu inachunga mafuta sawa vile mujane anachunga chumvi." Dokta alimtazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu, halafu wote wawili wakacheka. Na usifikiri matembezi yetu yalikuwa bure. Tansio ya damu yake ilikuwa imeshuka, na mlima alikuwa anaupanda akiongea.

Dokta akasema atamkata bila kungoja kilo, kwa sindano ya mgongoni badala ya dawa ya usingizi. Lakini Mama Nabintu akakataa.

"Kwanza jina," alisema. "Nikifia mezani, batasema mulozi amekufa."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha mitaa. Mvua ilikuwa imeshusha udongo Cimpunda, mifereji imeziba, na mtaa mzima ulikuwa nje na majembe. Tulifika sisi wanne. Dokta alikuja na sepeto yake. Hakuanza na maneno. Aliingia katika matope hadi magotini akachimba pamoja na watu, mpaka shati lake likawa rangi ya mtaa. Watu walimtazama, wakamtazama Mama Nabintu aliyesimama kando na Masere, wakawa wananong'ona. Kazi ilipoisha akaomba ruhusa kwa mkubwa wa mtaa aseme.

Kiswahili chake ni kibovu, Mama. Kinachechemea. Lakini alikataa mtu amtafsirie. Nadhani aliogopa watafsiri tangu siku ile.

"Bamama na bapapa," alisema, "miye nilisema huyu mama anakula usiku. Nilisema bila kujua. Miye nilifikiri sufuria. Sikujua neno hii kwenu ni nini. Nilikosea. Yeye hakulagi usiku. Hakuibagi chakula. Yeye ni mutu wa kweli kuliko miye."

Mwanaume mmoja akapiga kelele toka nyuma: "Amekuloga na wewe!" Watu wengine wakaguna. Majembe bado yalikuwa mikononi.

Ndipo Masere Hilda akasonga mbele, na nguo yake imefungwa pini. "Mnanifahamu," alisema. "Wengi wenu niliwapokea mkizaliwa, kabla sijapewa jiko. Nimekula na mama huyu sahani moja, nimelala naye chumba kimoja, mlango haukufungwa. Kama anakula watu, angeanza na mimi, niliyekuwa na nyama nyingi. Tazameni: mimi nimekonda kwa njaa, na roho yangu ni nzima. Yeye hakukonda, kwa sababu Mungu alimpa mwili wa kuchunga. Hiyo si dhambi."

Baadhi ya wamama wakacheka pale alipotaja nyama zake. Kicheko kile kililegeza mikono. Dokta akaongeza neno moja tu: "Ile neno ni yangu. Munirudishie miye. Mutu asibebe tena mahali pangu."

Papa Birindwa, mume, alikuwa katika kundi na jembe lake. Alilitua chini. Akavuka mfereji, akaja akasimama karibu na mke wake, akamshika mkono mbele ya watu wote. Mtu wa hapa hamshiki mkewe mkono barabarani, Mama. Mama Nabintu alimtazama, akasema, "Umekonda. Kwa ndugu yako hakuna chumvi?" Ndipo mtaa wote ukacheka.

Lakini mama wa marehemu Sifa hakucheka. Nilimwona akichukua jembe lake na kuingia ndani ya nyumba yake, akafunga mlango. Mama Nabintu naye alimwona.

Alikatwa juma lililofuata. Nilikuwa ndani, nikimshika bega wakati wa sindano ya mgongoni. Alikuwa macho muda wote, akiimba nyimbo za kanisa kwa Mashi, lugha ya kwao, na Dokta anafanya kazi bila kuinua kichwa, mikono yake ile mizuri. Palikuwa na wakati damu ilikataa kusimama, akawa anaomba vitambaa kwa sauti ya chini, na Mama Nabintu akauliza, "Feza, mbona munanyamaza?" nikamwambia, "Imba tu, tunakusikiliza." Akaimba. Damu ikasimama. Nyuzi zikashika, na mpaka leo zimeshika.

Jana tulimrudisha nyumbani. Alipika mwenyewe, ingawa tulimkataza. Akaketi kwenye kigoda akiamuru binti zake, lakini bugali aliusonga kwa mkono wake. Alitaka kushukuru. Majirani walikuja, kwa maana walikuwa wamesikia vizuri yale ya salongo na walitaka kuwa watu wema. Walisalimia, walikaa, walisifu kidonda. Lakini chakula kilipotandazwa, mikono ikawa mizito. Mmoja alisema ameshiba toka kwake. Mwingine jino linamuuma. Masere alikula, Dokta alikula, mumewe alikula, mimi nilikula. Wengine walishika vikombe vya maji. Unajua, Mama, masikio yanaweza kuamini, na tumbo bado likaogopa. Niliona uso wa Mama Nabintu unataka kuanguka, na yeye anaushikilia.

Mlango ukagongwa. Aliingia mama wa Sifa. Bado yuko na kitambaa cha kilio kichwani. Hakumsalimia mtu. Alitazama chakula, akatazama watu na visingizio vyao, akaomba maji ya kunawa. Binti akamwagia. Akaketi chini mbele ya Mama Nabintu, goti kwa goti, akamega tonge la bugali, akalichovya katika mboga ya sombe, akala. Akamega lingine.

"Mutoto yangu alikufa na surua," alisema akiwa anatafuna, machozi yanamshuka. "Nilijua toka mwanzo. Lakini surua haina mulango ya kupiga niiulize, wewe ulikuwa nayo."

Mama Nabintu alimsogezea samaki.

Ni hayo, Mama, na hiyo ndiyo sababu ya likizo yangu kuliwa. Nitakuja mchele mpya ukiwa juani. Nisalimie Papa, mwambie asiache kuvaa lile koti la sufu. Nisalimie kaka yangu mkubwa wa stesheni na mke wake, na shangazi, ndugu ya Papa, yule wa mapaja. Mwambie kwa heshima kwamba hana kosa lolote. Bibi mzaa Mama mbusu kichwani kwa ajili yangu, na imamu jirani yetu aliyenifundisha kusoma mwambie herufi zake bado zinafanya kazi. Wadogo zangu wote, kila mmoja kwa jina lake.

Nasikia kengele ya wadi, naenda.

Ni mimi binti yako, niliyenyonya ziwa lako la kushoto,
Feza